Maji na Haki katika Nchi ya Jangwa

Msomaji, ukisikia neno jangwa, yamkini picha inayokujia ni ya mchanga mtupu usio na mwisho, ngamia wawili watatu, na msafiri aliyepotea akililia tone la maji. Picha hiyo si ya uongo, walakini ni pungufu. Majangwa mengi ya dunia yana wenyewe, na wenyewe hao hawakupotea njia. Wamezaliwa huko, wamelima huko, wamewazika wazee wao huko, na ukiwauliza watakuambia kuwa huko ndiko kwao. Kwa hiyo swali linalotufaa si namna mtu anavyokufa jangwani, bali namna anavyoishi. Na tukiisha kulijibu hilo, tuulize la pili lililo zito zaidi: je, anaishi kwa gharama ya nani?

Ili tuyajibu maswali hayo mawili, nakualika twende pamoja mpaka jimbo la Arizona, kusini-magharibi mwa Marekani, mpakani mwa Meksiko. Ukubwa wake ni kilomita za mraba zipatazo 295,000, yaani karibu nusu ya Kenya yetu. Usidhani kuwa jimbo lote ni jangwa. Kaskazini ni nyanda za juu zenye misitu ya misonobari, na wakati wa baridi theluji huanguka huko. Lakini kusini limetanda jangwa la Sonora, na ajabu ni kwamba wengi wa watu wa jimbo wamekaa huko huko jangwani, si kwenye misitu. Hesabu ya watu ya mwaka 2020 ilikuta zaidi ya watu milioni 7 katika Arizona, na katika mji wa Phoenix peke yake watu 1,608,139.

Mvua inayonyesha Phoenix kwa mwaka mzima, kwa wastani, haifiki milimita 200. Nairobi hupata zaidi ya mara nne ya kiasi hicho. Tena mvua hiyo ndogo haiji kwa utaratibu. Nyingine huja wakati wa baridi, pole pole, ikapenya ardhini. Nyingine huja kwa ghadhabu kati ya Julai na Septemba. Kwanza hutangulia ukuta wa vumbi mrefu kama mlima, mchana ukageuka giza, kisha radi, kisha maji. Bonde lililokuwa kavu asubuhi huwa mto wa kuchukua watu na wanyama jioni, na kesho yake limekauka tena. Kwa sababu hiyo mtu wa jangwani huogopa mambo mawili yasiyopatana, ukame na gharika, na yote mawili yaweza kumpata katika mwaka mmoja.

Walimu wa kwanza wa maisha ya huko ni mimea. Uko mmea mmoja wa jamii ya mpungate, uitwao saguaro, ambao husimama wima kama nguzo na kufikia mita kumi na mbili au zaidi. Shina lake lina mikunjo kama ya mwavuli. Mvua inaponyesha, mizizi yake, iliyotambaa karibu sana na uso wa nchi, hunywa upesi, na ile mikunjo hukunjuka ili shina lipanuke na kuweka akiba. Wakati wa kiangazi mikunjo hurudi, na mmea hutumia akiba yake kidogo kidogo. Hauna haraka. Waweza kukaa miaka sabini na mitano kabla ya kuchipua tawi lake la kwanza. Wahenga wetu walisema akiba haiozi. Saguaro husema hivyo hivyo kwa lugha ya mimea. Kila mwaka mwezi wa Juni, wenyeji wa asili wa jangwa hilo huangua matunda yake kwa miti mirefu, na kwao mavuno hayo ndiyo mwanzo wa mwaka mpya.

Wenyeji hao ndio tunaotaka kuwajua. Zamani sana, kabla ya Mzungu yeyote kukanyaga Amerika, katika mabonde ya mito miwili ya jangwa hilo, Salt na Gila, walikaa wakulima ambao wataalamu wa mambo ya kale huwaita Hohokam. Wazao wao, watu wa kabila la O'odham, huwaita Huhugam, yaani wazee waliotangulia. Yapata mwaka 450 baada ya Kristo watu hao walikuwa wamekwisha kuanza kuchimba mifereji mikubwa ya kuyatoa maji mtoni na kuyapeleka mashambani, na waliendelea na kazi hiyo kwa muda wa miaka elfu moja. Mifereji yao ikiunganishwa hufikia mamia ya kilomita, na baadhi yake ilikwenda zaidi ya kilomita ishirini mbali na mto. Walipanda mahindi, maharagwe, maboga na pamba.

Ifikirie kazi hiyo, msomaji. Hawakuwa na chuma, wala gurudumu, wala ng'ombe wa kukokota. Walikuwa na vijiti vya kuchimbia, majembe ya mawe, vikapu, na mikono yao. Tena mfereji si shimo tu. Ukiuteremsha kwa kasi mno, maji hubomoa kingo zake. Ukiulaza sawa mno, maji husimama na matope huujaza. Yapasa uteremke kidogo sana, hatua kwa hatua, kwa kilomita nyingi, nao walijua kipimo hicho bila kitabu wala chombo cha kupimia tunachokijua leo.

Lakini ujuzi wa kuchimba haukutosha. Mfereji mmoja ulipita vijiji vingi. Kijiji kilichokaa karibu na mto kiliyapata maji kwanza. Kijiji cha mwisho kilipata yaliyosalia. Kama wale wa juu wangechukua kupita haki yao, wale wa chini wangekufa njaa, na kama wale wa chini wangekataa kwenda kuzoa matope na kutengeneza kingo baada ya gharika, mfereji wote ungekufa pamoja na wale wa juu. Hapana budi walikuwa na mapatano. Mapatano hayo hayakuandikwa, lakini mfereji uliodumu vizazi na vizazi ni ushahidi wake. Jambo hili nakuomba ulishike, maana ndilo kiini cha habari yetu: katika nchi ya jangwa, kitu cha kwanza kinachojengwa si nyumba wala mfereji, bali ni neno la kuaminiana baina ya mtu wa juu na mtu wa chini.

Yapata mwaka 1350 watu hao walijenga jumba kubwa la udongo mgumu karibu na mto Gila, lenye orofa nne, kuta zake za chini zikiwa na unene wa zaidi ya mita moja. Padri Kino, mmisionari wa dola ya Hispania, alilifikia mwaka 1694 akalikuta tupu. Tangu zama hizo huitwa Casa Grande, yaani nyumba kubwa. Lingali limesimama hata leo. Maana yapata mwaka 1450 miji mikubwa ya Huhugam ilihamwa, na mifereji ikajaa mchanga. Wataalamu hubishana juu ya sababu: wengine husema gharika zilivunja milango ya mifereji, wengine ukame, wengine chumvi iliyozidi mashambani, wengine vita. Yamkini mambo hayo yalisaidiana.

Watu hawakwisha. Kando ya mto Gila walibaki wale wajiitao Akimel O'odham, maana yake watu wa mto. Wazungu waliwaita Pima. Waliendelea kulima kwa mifereji, na Wahispania walipoleta mbegu za ngano wakaipokea, kwa kuwa ngano hukua wakati wa baridi ambapo mahindi hayawezi. Nchi yao ilihesabiwa kuwa ya Hispania, kisha ya Meksiko tangu mwaka 1821, na baada ya vita vya Meksiko na Marekani iliingia mikononi mwa Marekani, sehemu moja kwa mkataba wa mwaka 1848 na sehemu nyingine kwa kununuliwa kwa mkataba wa mwaka 1853. Watu wa mto hawakuulizwa katika mojawapo ya mabadiliko hayo.

Mwaka 1848 dhahabu ilionekana California, na maelfu ya watu wakaanza safari ya kwenda magharibi. Wengi walipita njia ya Gila. Walifika kwa Akimel O'odham wakiwa wamechoka, wanyama wao wamekonda, mapipa yao matupu, na hapo katikati ya jangwa wakaona mashamba ya kijani. Wenyeji waliwapa maji, wakawauzia ngano, mahindi na maharagwe. Wasafiri wengi waliandika katika daftari zao kwamba bila watu hao wangaliangamia. Baadaye majeshi ya Marekani nayo yalikula ngano ya Gila. Mwaka 1859 Bunge la Marekani liliwatengea watu hao eneo lao, na kwa kitambo kidogo ilionekana kana kwamba wema wao umelipwa.

Malipo ya kweli yalikuja baadaye, nayo yalikuwa machungu. Walowezi walioingia kwa wingi baada ya mwaka 1865 hawakukaa chini ya mto. Walikaa juu yake. Walichimba mifereji yao, wakageuza maji kuyapeleka kwenye mashamba yao, na kila mwaka mto ulipofika kwa Akimel O'odham ulikuwa mwembamba zaidi. Tangu miaka ya 1870 baadhi yao walianza kuhama. Kufikia mwisho wa karne hiyo mto uliokuwa umewalisha kwa karne nyingi ulikuwa mchanga mtupu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Watu waliowalisha wageni walishikwa na njaa katika nchi yao wenyewe.

Ili wapate chakula, waliukata msitu wao. Ulikuwa msitu wa mti uitwao meskiti, wa jamii moja na ule ambao sisi huku Baringo na Turkana tunauita mathenge. Waliukata wakauuza kuwa kuni kwa watu wa mijini, mpaka nao ukapungua. Kisha serikali iliwapa posho ya unga mweupe, sukari na mafuta ya nguruwe. Watu wa kazi nzito ya shamba na chakula cha maharagwe wakawa watu wa kukaa na kula posho, na katika karne ya 20 wakawa miongoni mwa watu walioshikwa zaidi na ugonjwa wa kisukari duniani. Naam, msomaji, mto unaweza kuibwa bila mtu kuubeba mabegani. Na madhara ya wizi huo huweza kuonekana katika damu ya wajukuu.

Wakati huo huo, mwendo wa siku moja au mbili kutoka hapo, mji mwingine ulikuwa ukizaliwa. Mwaka 1867 mtu mmoja jina lake Jack Swilling alipita bonde la mto Salt akaiona mifereji mikavu ya Huhugam. Alifahamu mara moja kuwa kazi kubwa imekwisha kufanywa na watu asiowajua. Akaanzisha kampuni, wakaizoa ile mifereji ya kale, na maji yakapita tena. Inasemekana kuwa Darrell Duppa, Mwingereza aliyekaa nao, ndiye aliyetoa jina la mji: Phoenix, ndege wa hadithi afaye motoni akafufuka katika majivu yake. Jina lilikuwa zuri, na lilikubali kwamba mji unajengwa juu ya mabaki ya wengine.

Wakulima wa Phoenix nao walijifunza ukali wa jangwa. Mwaka 1891 gharika iliwavunjia mifereji. Miaka michache baadaye ukame ukakausha mashamba na kuua mifugo. Ndipo walipoona kwamba mfereji bila ghala la maji ni kama jiko bila kuni. Sheria ya mwaka 1902 iliiruhusu serikali ya Marekani kukopesha fedha za kujengea mabwawa. Wakulima wa bonde hilo wakaungana mwaka 1903 katika chama kimoja, wakaweka mashamba yao rehani ili kupata mkopo huo. Mamia ya Waapache, ambao nchi yao ilikuwa imetwaliwa karibuni tu, walifanya kazi ya kuchonga barabara milimani ya kupitisha mizigo. Bwawa lilimalizika mwaka 1911, likapewa jina la Rais Theodore Roosevelt, naye mwenyewe akaja kulifungua. Tarehe 14 Februari 1912 Arizona ikawa jimbo kamili la Marekani.

Mito ya Salt na Gila haikutosha. Macho yakaelekea mto mkubwa wa Colorado, ambao hupita kaskazini mwa Arizona na kisha kuwa mpaka wake wa magharibi. Mwaka 1922 wajumbe wa majimbo saba walikutana katika mji wa Santa Fe wakaugawa mto huo kwa mkataba. Walitenda makosa mawili ambayo dunia ingali inayalipa. La kwanza, walipima mto katika miaka ya neema, wakadhani daima utakuwa hivyo. Wakawa kama watu waliogawana mlo wa sikukuu wakidhani ni mlo wa kila siku. La pili, makabila ya wenyeji yaliyokaa kando ya mto huo na vijito vyake hayakuwa na mjumbe hata mmoja mkutanoni. Mkataba uliyataja katika sentensi moja tu, kusema kwamba haukusudii kuugusa wajibu wa Marekani kwa makabila hayo. Waswahili wana msemo kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Sijui mahali ambapo msemo huo umethibitika zaidi kuliko Santa Fe mwaka 1922.

Hata waliokuwapo hawakuelewana. Arizona iliogopa kwamba jirani yake California, iliyokuwa na watu wengi na fedha nyingi, itaunywa mto wote, na kwa muda wa miaka 22 ikakataa kuutia mkataba muhuri. Mwaka 1934 Gavana Benjamin Moeur alipeleka askari wa jimbo kwenye ukingo wa mto ili kuzuia bwawa lililokuwa likijengwa kwa ajili ya California. Fikiri, askari wenye bunduki wakilinda maji yanayopita! Hatimaye ugomvi ulikwenda mahakamani, na mwaka 1963 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua fungu la Arizona. Mwaka 1968 Bunge likakubali mfereji ujengwe wa kuyatoa maji Colorado na kuyaleta Phoenix na Tucson. Lakini California ilidai sharti, na Arizona, kwa hamu ya mfereji, ikalikubali: siku maji yatakapopungua, mfereji wa Arizona utaanza kukatiwa kabla ya California.

Kazi ilianza mwaka 1973 na kumalizika miaka ishirini baadaye. Mfereji huo una urefu wa kilomita 541, na pampu zake huyapandisha maji zaidi ya mita 800, kwa kuwa jangwa hilo huinuka kadiri unavyoliendea Tucson. Wenye miji walisherehekea. Lile sharti la mwaka 1968 lilisahauliwa kama deni la mtu aliye na shibe.

Sasa tuangalie maisha ya siku hizi. Zamani, kabla ya mashine, watu wa Phoenix walijenga nyumba za matofali ya udongo zenye kuta nene, wakalala barazani usiku wa kiangazi, na wengine wakajifunika shuka zilizoloweshwa maji. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia viyoyozi vilienea kila nyumba, na watu wakafurika. Mwaka 1950 Phoenix ilikuwa na watu 106,818. Mwaka 1960 walikuwa 439,170. Mtu aliweza kutoka nyumba yenye ubaridi, akaingia gari lenye ubaridi, akafika kazini penye ubaridi, akasahau kwamba yumo jangwani.

Jangwa halikumsahau. Mwaka 2023, tangu mwisho wa Juni mpaka mwisho wa Julai, joto la Phoenix lilifikia nyuzi 43 za Selsiasi au kupita kila siku kwa siku 31 mfululizo. Watu walioanguka barabarani waliungua kwa kugusa lami. Wilaya ya Maricopa, ambamo mji huo umo, ilihesabu vifo 645 vilivyohusiana na joto mwaka huo. Waliokufa walikuwa nani? Wengi walikuwa watu wasio na nyumba, na wengine wazee waliokutwa ndani ya nyumba ambamo kiyoyozi kilikuwa kimeharibika au kimezimwa. Yaani joto lilikuwa moja kwa wote, lakini kivuli hakikuwa kimoja kwa wote. Kama vile maji, ubaridi nao umekuwa mfereji wenye watu wa juu na watu wa chini.

Na deni lile la maji limefika. Mwaka 2022, kwa mara ya kwanza katika historia, Arizona ilikatiwa sehemu ya fungu lake la Colorado, yapata asilimia 18, kwa sababu ya ukame wa miaka mingi. Wakulima wa wilaya ya Pinal, waliotegemea mfereji ule, walipata pigo kubwa kuliko wote, wakaacha mashamba mengi bila kupandwa. Wengine wakarudia visima. Lakini maji ya visimani nayo ni akiba ya kale isiyorudishwa upesi. Mwaka 1980 jimbo lilitunga sheria kwamba katika maeneo makubwa ya miji, mwenye kutaka kujenga mtaa mpya athibitishe kwanza kuwa una maji ya kutosha miaka mia moja. Sheria hiyo ilisifiwa sana. Hata hivyo haikuhusu sehemu nyingi za mashambani, na huko mwenye pampu ndefu huchota mpaka kisima cha jirani maskini kikakauka. Mwaka 2023 serikali ya jimbo ilitangaza kwamba kandokando ya Phoenix haitatoa vibali vipya kwa mitaa itakayotegemea maji ya chini ya ardhi peke yake. Ilikuwa ni kukiri, baada ya miaka mia moja ya kujidanganya, kwamba jangwa lina mpaka wake.

Je, wale watu wa mto walikwisha? La. Walishika shauri lao bila kuchoka, baba akimwachia mwana. Mwaka 1908, katika kesi ya kabila jingine kule Montana, Mahakama ya Juu ilikuwa imeamua kwamba serikali ilipowatengea wenyeji ardhi, iliwatengea pia maji ya kuifanya ardhi hiyo ikalike. Maana ardhi ya jangwa bila maji ni kaburi tu. Kanuni hiyo ilikuwa silaha yao. Ilichukua karibu miaka mia moja, mawakili wengi na mazishi mengi, hata Desemba 2004 sheria ikatiwa sahihi iliyowapa Akimel O'odham na ndugu zao wa jumuiya ya mto Gila zaidi ya mita za ujazo milioni 800 za maji kila mwaka. Sehemu kubwa ya maji hayo huja kwa mfereji ule ule wa kutoka Colorado.

Tangu hapo mashamba yamerudi, na maharagwe ya wazee wao yamepandwa tena. Na sasa tazama namna historia inavyogeuka. Mwaka 2023, ziwa kubwa la akiba ya Colorado lilipokuwa limeshuka sana, jumuiya hiyo ilikubali, kwa malipo ya serikali, kuacha ndani ya ziwa sehemu ya maji ambayo ingaliweza kuyachukua, ili ziwa lisishuke zaidi. Mwaka 2024 ilifunika kipande cha mfereji wake kwa vibao vya kutengenezea umeme wa jua, ili jua litoe nguvu na maji yasipotee hewani. Watu walionyang'anywa mto wamekuwa miongoni mwa wanaousaidia mto usife. Hawakulazimika kufanya hivyo bure, wala hawakufanya bure. Lakini walikaa mezani, wakaulizwa, wakajibu. Hiyo ndiyo tofauti kati ya mwaka 2023 na mwaka 1922.

Msomaji, tuliuliza vipi mtu huishi jangwani, na kwa gharama ya nani. Swali la kwanza Arizona imelijibu kwa njia nyingi: kwa mkunjo wa saguaro, kwa kijiti cha kuchimbia, kwa bwawa na kwa pampu. Kila jibu lilikuwa la akili, na kila jibu lilifaa kwa wakati wake. Swali la pili ndilo lililowashinda wengi. Mchimbaji hodari wa mfereji aweza kuwa mwizi wa jirani yake, na sheria nzuri yaweza kuandikwa katika chumba ambacho mlango wake umefungwa kwa wale itakaowaumiza.

Zaidi ya robo tatu ya nchi yetu ya Kenya ni kavu au nusu kavu, na mito inayoteremka kutoka milima yetu hupita kwa watu wa juu kabla haijafika kwa watu wa chini. Huenda siku moja wewe ukawa mhandisi wa kupima mfereji, au diwani wa kupiga kura juu ya bwawa, au mkulima tu mwenye pampu kando ya mto. Siku hiyo, kabla hujafungua maji, geuza uso wako uangalie upande mto unakoelekea. Yuko mtu huko. Yamkini ndiye aliyewanywesha wazee wako walipopita kwake wakiwa na kiu.